Kupiga Linux kwenye tivi boksi la zamani: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Wakuu, tangu mtoto wa dada yangu aanze kuandikia kazi zake za shule kwenye tivi ya sebuleni, kila mgeni akija anauliza kompyuta iko wapi, nikimwonyesha kile kiboksi cheusi nilichokibandika nyuma ya tivi anacheka, halafu ananiambia "hata mi ninalo kama hilo kabatini, nipigie Windows basi". Hapo ndo kazi inapoanza, maana ninachopiga mimi ni Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama Windows ilivyo. Maneno kuhusu haya maboksi ni mengi, mengine ya mafundi, mengine ya video za mtandaoni, na mengi ni uongo au ni kweli nusu. Ninaongelea hasa maboksi ya Android yenye chipu za Amlogic, S905X, S905W, S912 na ndugu zao, yale yaliyojaa madukani kuanzia 2016 na kuendelea, maana ndo niliyoyachezea mpaka nikaunguza moja.

"Hilo ni la kuangalizia muvi tu, sio kompyuta"

Ni kompyuta, tena kamili, ila ndogo. Chukua X96 mini, lile linalotoshea kiganjani. Ndani lina S905W, prosesa yenye kori nne (vichwa vinne vya kufanyia kazi) za aina ya Cortex-A53 zinazokwenda 1.2GHz. Sasa Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka 2016, ambayo watu wanaiheshimu na kufundishia watoto kuandika programu, ina kori nne hizohizo za Cortex-A53, kasi hiyohiyo ya 1.2GHz, na RAM ya 1GB. Tofauti iko kwa wazazi. Pi ina kampuni inayoiletea apdeti na maelezo, boksi lilitengenezwa liuzwe, na likishauzwa hamna anayekumbuka lipo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni nani mwingine huko duniani kalihangaikia boksi kama lako akaliandikia Linux, na kwa haya ya Amlogic jibu ni wapo, mradi wa Armbian ndo maarufu zaidi, unakuja na Debian au Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, na dekstopu nyepesi inayoitwa XFCE.

"Mbona Apple TV waliigeuza Mac, basi boksi lolote linageuka chochote"

Hii naipenda maana ina ukweli ndani yake, tatizo watu wanaubeba ukweli wa 2007 wanakuja nao leo. Apple TV ya kwanza kabisa, boksi la tivi la Apple wenye kompyuta za Mac, ilikuwa na prosesa ya Intel ya 1GHz, RAM 256MB na hata diski ya kuzunguka ya 40GB ilikuwamo, na kilichokuwa kinaendesha humo ndani kilikuwa Mac OS X 10.4 iliyopunguzwa tu nyama. Yaani ilikuwa Mac iliyovalishwa nguo za rimoti. Kwa hiyo waliochokonoa wakaweka Mac OS X nzima hawakuigeuza kitu kigeni, waliirudisha nyumbani kwao, na Linux nayo ikaingia kwa sababu Intel ni Intel. Ilipofika 2010 Apple TV ya pili ikaja na chipu ya A4, ambayo ni ARM, ukoo wa chipu za simu usioelewana na programu za Intel, diski hamna, mfumo ni wa kiukoo wa iPhone, na mchezo wa kuweka Mac ukaishia hapo. Kwa hiyo mtu akikuambia boksi fulani liligeuzwa, muulize kwanza chipu gani, mwaka gani. Jina lililo juu ya kifuniko halikusaidii.

"Limeandikwa 4K, basi lina nguvu kuliko laptopu yangu"

Hapa ndo watu wengi wanaumia, ngoja nikae kidogo.

Ndani ya chipu kuna prosesa ya kawaida, na pembeni yake kuna kipande kingine kabisa ambacho kazi yake ni moja tu, kufungua video. Ni kama mashine ya kukoboa mahindi, inakoboa gunia zima wewe hujamaliza kusalimiana na mwenye mashine, lakini mwambie akupikie ugali kwa mashine hiyo uone. S905W inafungua video za 4K kwa kile kipande, na kwenye Android programu zote zimeshafundishwa kukitumia. Ukipiga Linux ya dekstopu ukafungua YouTube kwenye brauza, mara nyingi brauza haijui hata kama kile kipande kipo, inaibebesha prosesa mzigo wote, na prosesa yenyewe ndo ile ndogo. Kwangu 480p inakwenda bila neno, 720p inakwamakwama, 1080p ni picha za mnato. Boksi lilelile, jana yake lilikuwa linaonyesha 4K!

Na sio jambo jipya. Hata ile Apple TV ya kwanza, waliotaka ionyeshe video za 1080p kwenye Linux ilibidi waifungue, wachomoe kadi ya waifai, waweke kadi ya Broadcom Crystal HD pale pale, kadi ambayo kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kufungua video, na intaneti wanavuta kwa waya. Kama lengo lako ni muvi, acha Android ilivyo au weka mfumo wa Kodi, programu ya kuchezea muvi, uliotengenezewa chipu yako. Dekstopu weka kwa ajili ya kuandika, kusoma, hesabu za duka, kujifunza programu, kuweka mafaili ya nyumba nzima sehemu moja. Na Netflix kwa ubora wa juu usiitegemee kabisa, funguo za ulinzi zinakaa upande wa Android.

"Langu ni 4GB na 64GB, litapepea"

Limeandikwa wapi? Kwenye stika? Boksi langu la pili nililinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, stika inasema 4GB/64GB, yaani RAM 4GB na hifadhi 64GB, nikaingia kwenye mipangilio ya Android nayo inasema 4GB/64GB, nikafurahi. Nikapiga Linux, nikaandika `free -h`, amri ya kuangalia RAM, ikaniletea chini kidogo ya 1GB. Nikadhani nimekosea. Nikaandika `lsblk` kuangalia hifadhi, 7.3G. Nikakifungua kifuniko na bisibisi nikasoma namba za chipu za memori moja moja kwa tochi ya simu, Linux ilikuwa inasema kweli. Android ilikuwa imechezewa ili idanganye, namba tu zimebadilishwa kwenye faili. Muuzaji nikamtumia picha, akanijibu kwa emoji ya mikono iliyofumbatwa, mpaka leo.

Kwa 1GB unaishi, ila kwa adabu. XFCE ikishawaka kwangu inakula kama 350MB, ukifungua LibreOffice unaandika vizuri tu, ukifungua brauza kurasa tatu nne umefika ukingoni. Kuna kitu kinaitwa zram kinakandamiza memori ili ibebe zaidi, Armbian inakuja nacho tayari, usikizime. Mwenye boksi la 2GB za kweli ana raha kuliko mwenye 4GB za stika.

"Ukipiga Linux Android inakufa, huwezi kurudi"

Haifi, kama hujaiua mwenyewe. Linux unaiweka kwenye memori kadi, Android inabaki kwenye hifadhi ya ndani haijaguswa. Inavyofanyika ni hivi: maboksi mengi, ukichungulia kwenye tundu la AV, lile la waya za rangi tatu, kwa ndani kabisa kuna kitufe kidogo huwezi kukiona vizuri. Unachomeka kadi yenye Armbian, unaingiza kijiti cha meno taratibu mpaka usikie "tik", unashikilia hivyohivyo, mkono mwingine unachomeka umeme, unahesabu sekunde kadhaa unaachia. (Kijiti cha mti wakuu. Mi mara ya kwanza nilitumia pini ya nywele ya dada, chuma kwenye boksi linalopata umeme, nishukuru tu.) Ukibonyeza hivyo, programu ndogo ya kuwashia inasoma faili la `aml_autoscript` kwenye kadi, na lile faili linaiandikia maagizo mapya kwamba kuanzia leo kabla ya kwenda kwenye Android angalia kwanza kwenye kadi na USB. Ni mara moja tu, baada ya hapo kijiti cha meno tupa. Ukitaka Android unazima, unachomoa kadi, unawasha, hiyo hapo.

Kinachoua ni haraka. Mtu kaona Linux imewaka jioni, usiku huohuo anaihamishia kwenye hifadhi ya ndani ili iende kasi, inagoma kuwaka, anaanza kulia. Kulifufua inawezekana kwa kompyuta yenye Windows, waya wa USB wenye vichwa vya kiume pande zote mbili, na faili la mfumo wa asili la boksi hilo hilo, na kulipata hilo faili la boksi lisilo na jina ndo mtihani. Kaa na kadi angalau mwezi. Ila nunua kadi ya maana, iliyoandikwa A1, maana hiyo imeahidiwa kusoma vipande vidogovidogo 1,500 na kuandika 500 kwa sekunde, na dekstopu maisha yake ni vipande vidogovidogo. Kadi ya bei ya chips mayai itakufanya useme boksi ni bovu.

"Shusha faili, choma kwenye kadi, washa, basi"

Tamaa tu hiyo. Kompyuta ya kawaida ikiwaka inajieleza yenyewe, nina hiki na kile. Boksi la ARM halijielezi, lazima ulipe Linux karatasi inayosema waya gani umeenda wapi, na hiyo karatasi ni faili lenye mwisho wa dtb. Kwa S905W wengi wanaanza na `meson-gxl-s905w-p281.dtb`, kwa S905X kuna ya `p212`, kwa S912 kuna ya `q200`, unaiandika kwenye mstari wa FDT ndani ya `extlinux.conf`, faili la maagizo ya kuwashia lililomo kwenye kadi. Ukiweka isiyo yake unapata kioo cheusi, au linawaka halina sauti, au linaona RAM nusu. Watu wanarudisha boksi kabatini hapohapo wakidhani limekataa, kumbe ni mstari mmoja. Mi nilijaribu nne, ya tatu iliwaka bila mtandao, ya nne ikakubali kila kitu isipokuwa waifai.

Na waifai jiandae nayo, maboksi ya bei rahisi yana chipu za waifai ambazo Linux haina draiva zake, yaani programu za kuziendesha. Usihangaike wiki nzima. Chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, Linux inaiona kama waya wa mtandao papo hapo. Mtoto wa dada anatumia hivyo, simu inachaji huku inagawa bando.

"Nipigie Windows"

Hapana mjomba. Windows 11 yenyewe inataka RAM 4GB na hifadhi 64GB kwa kuanzia, na hata ukizipata, draiva za hizi chipu kwa Windows nani kaandika? Programu za .exe pia haziwaki kwenye hii Linux, zimeandikiwa Windows, tena kwa lugha ya Intel, na hili ni ARM. Kuna mtafsiri anaitwa box64, akishirikiana na programu ya Wine anajitahidi, kwa RAM ya 1GB ni kujitesa.

"Ukishaweka Linux virusi vyote vimeondoka"

Januari 2023 jamaa mmoja anaitwa Daniel Milisic alieleza hadharani jinsi boksi lake la T95 lilivyokuja na programu mbaya tangu kwenye katoni, na Juni 2025 FBI ya Marekani ikaonya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya namna hii vinavyotumika na wahalifu bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo hofu ni ya kweli. Ukiwasha Linux ya kwenye kadi, Android iliyolala kwenye hifadhi ya ndani haifanyi kazi, na uchafu wake umelala nayo. Umelala, haujafa. Siku watoto wamechomoa kadi wakaangalie katuni, umeamka na uko kwenye mtandao wa nyumba yako. Ndo maana boksi langu lile la stika ya uongo halijaona tena Android, kadi imepigwa selotepu.

"Linakula umeme likiwaka siku nzima"

Adapta yake imeandikwa 5V 2A, maana yake hata likipania haliwezi kupita wati 10. Likiwaka kwa masaa kumi ni 0.1 ya uniti. Tivi yenyewe ndo ina njaa, kaiulize hiyo. Umeme unaokusumbua hapa ni ule unaokatika, kadi inaweza kuharibika boksi likizimika ghafla katikati ya kuandika, na saa nayo inaganda palepale ilipozimikia mpaka ipate intaneti, kwa sababu hamna betri ndogo ndani kama ya kompyuta. Ukiona tarehe ya juzi usishangae.

"Basi hata king'amuzi changu kinawezekana"

Jirani kaniletea chake Jumamosi, kakifunga na rimoti kwenye mfuko wa rambo, amesikia habari kwa mtoto. Ving'amuzi vingi vimefungwa kufuli kuanzia kwenye kuwaka, havikubali mfumo usio na sahihi ya mwenye kampuni, na memori yake ni ya kubadilisha chaneli tu. Nimemwambia hivyo. Akaniuliza, "hata Excel kidogo tu?" Nimempa kiti, akapiga hesabu zake za vikoba kwenye boksi letu mpaka saa nne usiku, na king'amuzi chake kiko juu ya meza hapa, amekisahau.