“Treni za abiria hazilipi kodi”: dhana na ukweli wake

Mjadala wa reli ukianza, haukawii kufika kwenye kodi. Mmoja atasema treni za abiria zinakula tu fedha za hazina, mwingine atajibu kwamba zinarudisha kuliko zinavyopewa. Mara nyingi wote wawili wamechanganya kodi, ruzuku na umiliki kwenye chungu kimoja.

Dhana: Shirika la reli linaloendeshwa kwa hasara halilipi kodi yoyote.

Hasara huondoa kodi moja tu, ile ya faida. Mshahara wa dereva wa treni unakatwa kodi hata mwaka ambao shirika limefunga hesabu likiwa taabani. Tazama Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, lililoanza safari mwaka 1971. Bunge la nchi hiyo limeisamehe kodi za majimbo na za serikali za mitaa, na ukiishia hapo utasema hailipi kitu. Kumbe kila inapolipa mishahara, inalipa pia kodi ya serikali kuu inayogharimia pensheni za wafanyakazi wa reli, na kiwango chake kwa mwajiri ni kikubwa kuliko wanacholipa waajiri wa kawaida. Ila mashabiki wa reli wanaohesabu makato ya mishahara kuwa mchango wa treni wanajipa sifa ya bure: mtu yuleyule angekatwa kodi hata kama angekuwa anauza viatu.

Dhana: Reli ya abiria haijawahi kuiingizia serikali chochote.

Hapa historia inacheka. Uingereza ilianza kutoza ushuru wa abiria wa reli mwaka 1832, miaka miwili tu baada ya kufunguliwa kwa reli ya Liverpool na Manchester. Sheria ya mwaka 1844 ikazitaka kampuni ziendeshe kila siku angalau treni moja ya watu wa kipato cha chini, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili, na treni hizo zikasamehewa ushuru. Ushuru wenyewe ulidumu hadi 1929.

Marekani nayo, wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliweka kodi juu ya nauli iliyofika asilimia 15. Vita vikaisha, kodi ikabaki. Ilishushwa hadi asilimia 10 mwaka 1954, na abiria wa treni hawakuondolewa mzigo huo hadi 1962. Huku nyuma, miji na majimbo yalikuwa yakitoza kodi ya mali kwenye stesheni, ardhi na njia za reli, ilhali basi la kampuni pinzani lilipita kwenye barabara ya umma isiyotozwa kodi hiyo. Zipo kampuni zilizong'oa njia ya pili pale zilipokuwa na njia mbili, kwa kuwa chuma kilicholala bila kazi nacho kilikuwa kinahesabiwa kodi.

Dhana: Tiketi yenye VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia sifuri na tiketi iliyosamehewa VAT ni kitu kimoja.

Abiria haoni tofauti, mhasibu anaiona. Tuseme shirika limenunua magurudumu ya behewa kwa 1,000, na VAT 200 juu yake. Tiketi zake zikiwa za kiwango sifuri, kama ilivyo Uingereza, linaidai serikali ile 200 na kurudishiwa. Zikiwa zimesamehewa, halirudishiwi, na kodi hiyo inajificha ndani ya nauli. Ujerumani haikufanya lolote kati ya hayo mawili: Januari 2020 ilishusha VAT ya tiketi za safari ndefu kutoka asilimia 19 hadi 7.

Dhana: Reli ikishapewa ruzuku, kodi inayolipa ni kiini macho.

Kuna chembe ya ukweli hapa. Mwaka 1987 Japani ilivunja shirika lake la reli la taifa, lililolemewa na deni la takriban yeni trilioni 37, na kuunda kampuni sita za abiria na moja ya mizigo. Mbili kati ya hizo za abiria, JR East na JR Central, ni kampuni za soko la hisa na zinalipa kodi ya faida. Lakini sehemu kubwa ya deni la zamani iliachiwa walipa kodi, na JR Hokkaido, nyingine kati ya hizo sita, bado inategemea msaada wa serikali. Anayeitaja Japani ataje na hilo.

Hong Kong ni habari nyingine. Serikali inamiliki takriban robo tatu ya hisa za MTR, kampuni ya reli ya huko, kwa hiyo hupata gawio. Gawio si kodi, ni haki ya mwenye mali.

Dhana: Barabara na ndege hujilipia, reli tu ndiyo inayobebwa.

Mfuko wa barabara kuu wa Marekani, ulioanzishwa 1956 kwa fedha za ushuru wa mafuta, umekuwa ukijazwa na hazina kuu mara kwa mara tangu 2008. Na mafuta ya ndege za safari za kimataifa, kwa sehemu kubwa ya dunia, hayatozwi ushuru hata senti moja.