Je, wajua kwa nini mdako huchezwa kwa puto kliniki?

Mara ya kwanza kumwona mtoto mwenye mtindio wa ubongo akichezeshwa mdako kwenye chumba cha tiba, nilijipa jibu kabla ya kuuliza: mchezo ni peremende. Unamtuliza asilie, halafu ndipo kazi inaanza, yaani kunyooshwa mkono. Nikakaa kuisubiri hiyo kazi. Baada ya nusu saa mtaalamu akasema, "Haya mama, tuonane wiki ijayo." Kumbe ndiyo imeisha.

Si mimi peke yangu. Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba wamepanda daladala mbili ili mtoto akacheze kitu ambacho angekicheza uani. Tumezoea kuwa tiba ni jambo unalofanyiwa: unachuliwa, unakandwa, unavutwa. Lakini mkono ukinyooshwa na mtu mwingine, ubongo wa mtoto haujapanga chochote, haujakosea, wala haujajirekebisha. Ni sawa na kutaka kujua kuendesha baiskeli kwa kupakiwa kwenye karia.

Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walizipanga tiba za mtindio wa ubongo kwa rangi za taa za barabarani, na mazoezi ya mtoto kutenda mwenyewe jambo lenye lengo yakapata kijani. Walichopima ni mazoezi ya aina hiyo, si mdako, tusiwasingizie.

Sasa hilo puto. Mdako unadai urushe kijiwe, uchote vingine shimoni, kisha ukidake cha kwanza kabla hakijaanguka. Kijiwe kilichorushwa nusu mita hurudi kabla sekunde haijatimia. Puto hushuka kwa madaha. Mchezo ni uleule, ila muda umeongezwa. Mfikirie fundi anayeshona sare ya shule: anaacha upindo mpana, mtoto akirefuka unafumuliwa na kushushwa, gauni halibadiliki. Puto likizoeleka inakuja leso, kisha soksi yenye mchele, mwishowe kijiwe chenyewe. Shimo nalo lina upindo wake: asiyeweza kuchuchumaa huwekewa beseni mezani. Vya kuchota pia: vifuniko vya chupa kwanza, komwe baadaye. Mtoto akidaka kila mara bila kukosa, fumua upindo. Akianza kutazama mlangoni, huenda umefumua mno, au ana njaa tu.

Kwa anayetia kila kitu mdomoni, komwe zikae mbali, na puto likipasuka okota vipande vyote. Humkaba mtoto.

Siku ile binti alikosa mara nne. Mara ya tano akalinasa puto kati ya kidevu na bega.

"Hiyo inahesabika?" mama yake akauliza.

"Kwa sheria za leo," mtaalamu akasema, akaandika moja.