Betri ya Enkoda Haibadilishwi Umeme Wote Ukiwa Umezimwa

Malalamiko yanayofikishwa katika kitengo chetu cha mafunzo ya umeme wa viwandani hapa Tanga yameongezeka, na mengi yanafanana: mashine ya kufungasha ilisimamishwa kwa matengenezo, fundi akabadilisha betri ya enkoda, yaani kifaa kilichofungwa kwenye mota ili kupima shafti imezunguka kiasi gani, na mashine ilipowashwa draiva ya sevo, kifaa kinachoiendesha na kuidhibiti mota hiyo, ikatoa alamu na kugoma. Mwenye mashine huamini kwamba ameuziwa mota mbovu. Kwa kawaida mota ni nzima.

Enkoda ya nafasi kamili yenye biti 17 huugawa mzunguko mmoja wa shafti katika hatua 131,072, na mara ipatapo umeme huijua hatua iliyopo. Idadi ya mizunguko iliyokwisha kupita ni jambo jingine. Katika aina nyingi, draiva inapokosa umeme hesabu hiyo hutunzwa na betri ya lithiamu ya volti 3.6, kwa hiyo anayezima kila kitu ndipo achomoe betri ameifuta hesabu kwa mkono wake mwenyewe, sawa na anayechomoa kebo ya enkoda kwenye mota ilhali betri iko upande wa draiva. Enkoda zinazohesabu mizunguko kwa gia hazihusiki na onyo hili.

Draiva nyingi hupokea umeme kwa njia mbili, wa kuendeshea mota na wa udhibiti. Zuia kwanza mzigo wowote unaoning'inia, kata umeme wa mota, kisha subiri taa ya chaji izimike kabisa, kwa kuwa kapasita za draiva, vipuri vinavyohifadhi chaji, hubaki na volti za hatari kwa dakika kadhaa. Umeme wa udhibiti uachwe ukiwaka, ndipo betri ibadilishwe kwa nyingine ya aina ile ile. Kwa kuwa umeme huo nao mara nyingi ni wa zaidi ya volti 200, kazi hii ni ya fundi umeme aliyefunzwa, wala si ya kijana aliyetumwa kufagia paneli, na pale kitabu cha mtengenezaji kinapoagiza vinginevyo, kifuatwe kitabu.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba alamu ikishafutwa kazi imekwisha. Haijakwisha. Hesabu imeanza upya mahali popote meza, yaani sehemu ya mashine inayosogezwa na mota, iliposimama, na mipaka iliyowekwa kwenye programu sasa inapimwa kutoka sifuri ya uongo, yaani mahali pa kuanzia kupima pasipo sahihi, hivyo meza inaweza kugonga kizuizi kwa kasi yote. Isogezwe polepole kwa mkono hadi kwenye alama ya mahali pake pa kuanzia, sifuri iwekwe upya na kuhakikiwa, ndipo mashine irudishwe kwenye uendeshaji wa kujitegemea.

Aliyebadilisha mkanda wa meno au kulegeza kapulingi, kiungo cha shafti ya mota na mashine, naye anapaswa kuhakiki sifuri, hata kama hakuna alamu iliyotoka, kwa sababu enkoda imefungwa kwenye mota na haina habari meza iko wapi.