Je, wajua kwa nini kompresa hutoa maji ilhali huvuta hewa tupu?

Fundi wa rangi wa Dar es Salaam anayefungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa yake jioni ya siku ya masika huona maji yakiruka kwa nguvu, mara nyingi yakiwa na rangi ya kutu, na si ajabu akadhani kwamba ameuziwa mashine mbovu. Mashine haina kosa. Maji hayo yaliingia pamoja na hewa, na mahali yanapojitenga nayo, iwe ndani ya tangi au mbele yake, ndipo pa kuangaliwa na mtu anayechagua kompresa ya karakana ndogo.

Hewa ya nyuzi joto 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Kikomo hicho hutegemea joto na ukubwa wa nafasi, wala hakipandi kwa sababu hewa nyingi zaidi imeshindiliwa humo. Geji, ambayo huhesabu mgandamizo uliozidi ule wa hewa ya nje (baa 1 hivi), inaposoma baa 8, hewa iliyokuwa imejaza mita 9 za ujazo huko nje imebanwa katika mita 1. Ikiwa unyevu wa siku hiyo ni asilimia 80, hewa hiyo iliingia na gramu 216 hivi za mvuke. Gramu 30 zaweza kubaki kuwa mvuke, na 186 zilizosalia hazina budi kugeuka maji. Kwa hesabu hiyo, mashine inayosukuma lita 200 kwa dakika hutoa takriban robo lita ya maji kwa kila saa ya kazi mfululizo.

Hata hivyo, maji hayo hayatokei papo hapo. Hewa ikibanwa hupata joto, kama ajuavyo yeyote aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza upepo, na katika kompresa ya pistoni hutoka kwenye silinda ikiwa imepita nyuzi 100, hali inayouwezesha mvuke kubaki mvuke. Matone huanza pale tu hewa inapogusa kuta za tangi na kupoa. Kwa hiyo mashine iliyo ndogo kuliko kazi yake, ambayo mota haipumziki kwa kuwa bastola ya rangi, yaani kifaa cha kupulizia rangi, inamaliza upepo upesi kuliko unavyoingia, hupitisha hewa ikiwa bado ya moto. Inapoa ndani ya mpira unaopeleka upepo kwenye bastola, na maji yanatokea kwenye bastola na kuacha malengelenge kwenye rangi. Kwa sababu hiyo hiyo, kichujio cha maji kilichofungwa mdomoni mwa tangi hakinasi mengi. Kifungwe mita kadhaa mbele, karibu na bastola.

Mnunuzi basi asitazame nguvu za farasi wala ukubwa wa tangi kwanza, bali lita zinazotoka kwa dakika katika mgandamizo wa kazi. Wauzaji wengi hutaja lita zinazovutwa na pistoni, na zile zinazofika kwenye mpira huwa pungufu kwa robo, theluthi au hata zaidi. Bastola nyingi za rangi hutumia lita 200 hadi 400 kwa dakika, hivyo mashine iwe na ziada ya kumpa mota nafasi ya kusimama. Fundi wa pancha, ambaye hujaza tairi moja moja, anaweza kutosheka na ndogo.

Koki nayo iwe chini kabisa na ifikiwe kwa urahisi, kwani nionavyo mimi koki inayomlazimu fundi kulala chali haitafunguliwa kila jioni, na maji yaliyoachwa hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa mashine iliyotumika, fungua koki kabla ya kuuliza bei: maji ya kahawia yenye vipande vya kutu, au kiraka cha kuchomelea kwenye tumbo la tangi, ni sababu tosha ya kuondoka. Mwenye shaka na aombe tangi lipimwe na mtaalamu, ambaye atalijaza maji badala ya upepo, kwa sababu maji karibu hayabanwi, na tangi dhaifu likiachia hufumka na kuvuja bila mlipuko ule ambao upepo ungeuleta.