Fahirisi ya matundu: namna watafiti wanavyoamua kuwa chandarua kimechakaa

Mtafiti msaidizi anapofika kwenye kaya katika wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, kukagua vyandarua vilivyogawiwa mwaka mmoja au miwili kabla, hamuulizi mwenye nyumba kama chandarua chake bado ni kizima. Jibu la swali hilo hutegemea anayejibu, kwa sababu mama anayelaza watoto watatu chini ya chandarua kimoja anaweza kukiita kizima kile ambacho jirani yake angeshakikata zamani na kukizungushia bustani ya mchicha. Badala ya kuuliza, mtafiti huomba chandarua kifunguliwe kitandani, hukitundika juu ya fremu uani penye mwanga wa kutosha, kisha huhesabu kila tundu analoliona, upande mmoja baada ya mwingine, akianzia pindo la chini na kumalizia juu, bila kuruka mishono. Hesabu hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa namba moja inayoitwa fahirisi ya matundu, na namba hiyo ndiyo huamua chandarua kiandikwe kuwa kizuri, kilichoharibika kiasi, au kilichochakaa kupita matumizi.

Matundu hayahesabiwi yote kwa thamani sawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unayagawa katika makundi manne kwa ukubwa, na ili mtafiti asilazimike kushika rula kutwa nzima, makundi hayo hupimwa kwa viungo vya mwili. Kundi la kwanza ni la tundu dogo lisilopitisha dole gumba, yaani lenye upana wa sentimita 0.5 hadi 2. La pili hupitisha dole gumba lakini si ngumi, nalo huchukuliwa kuwa na sentimita 2 hadi 10. La tatu ni la sentimita 10 hadi 25, ambalo ngumi hupita ila kichwa bado hakijapata nafasi, na la nne ni lolote linaloweza kupitisha kichwa cha mtu, kuanzia sentimita 25. Tundu lililo dogo kuliko nusu sentimita halihesabiwi kabisa, na lile lililokwisha kushonwa au kufungwa fundo huandikwa pembeni kama ukarabati bila kuingizwa katika fahirisi.

Kila kundi lina uzito wake: 1, 23, 196 na 576. Namba hizi humshangaza anayezikuta kwa mara ya kwanza, kwa kuwa zinaonekana kama zimeokotwa tu, lakini zina asili inayoeleweka kwa hesabu ya shule ya msingi. Wataalamu walichukua tundu la kundi la kwanza wakalipa kipenyo cha katikati ya mipaka yake, sentimita 1.25, la pili wakalipa sentimita 6, la tatu 17.5, na la nne, ambalo halina mpaka wa juu, wakalipa 30. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo tundu lenye kipenyo cha sentimita 30 lina eneo mara 576 ya lile la sentimita 1.25, kwa sababu 30 ikigawanywa kwa 1.25 ni 24, na 24 mara 24 ni 576. Fahirisi, basi, ni makadirio ya eneo lote lililo wazi kwenye kitambaa, likipimwa kwa kipande kimoja kidogo chenye ukubwa wa tundu la kundi la kwanza.

Baada ya kujumlisha, chandarua chenye fahirisi kati ya 0 na 64 huhesabiwa kuwa kizuri, kati ya 65 na 642 kuwa kimeharibika lakini bado kinafaa, na kuanzia 643 kuwa kimechakaa na hakifai tena. Mipaka hii ina matokeo ambayo macho ya kawaida hayayategemei. Chandarua chenye matundu 64 ya kundi la kwanza, ambacho kwa mtazamo wa wengi kimetobolewa ovyo, bado kimo katika kundi la vizuri. Chenye matundu matatu tu ya kundi la pili kimepata 69, na tayari kimetoka katika kundi hilo. Chenye tundu moja linalopitisha kichwa kimepata 576, hivyo bado kinahesabiwa kuwa kinafaa. Yakiongezwa juu yake matundu matatu ya kundi la pili, jumla inafika 645 na chandarua kinavuka mpaka. Kwa kifupi, mpaka wa 643 unalingana na eneo wazi la takribani sentimita za mraba 790, sawa na tundu moja la duara lenye upana wa sentimita 32 hivi.

Mtu anaweza kuhoji kwa nini chandarua chenye tundu la kupitisha kichwa kiendelee kuitwa kinachofaa. Jibu limo katika dawa ya kuua mbu iliyotiwa kwenye kitambaa. Mbu haingii moja kwa moja kwenye tundu kama anayejua mlango ulipo; huvutwa na harufu na joto la aliyelala, akatua kwenye kitambaa, hasa sehemu ya juu, na kutembea au kurukaruka akitafuta upenyo. Katika kutafuta huko miguu yake hugusa kiuatilifu, na kama dawa ina nguvu, hufa au huduwaa kabla hajafika kwenye tundu. Ndiyo maana hata majaribio ya vyandarua katika vibanda maalumu vya utafiti hufanywa kwa makusudi na vyandarua vilivyokatwa matundu sita ya sentimita 4 kwa 4, ili kupima kazi ya dawa yenyewe na si ya kitambaa peke yake. Lakini hoja hii husimama imara pale tu mbu anapokufa kwa dawa. Mbu akishakuwa sugu, tundu hurudi kuwa tundu.

Usugu huo ndio uliowapeleka watafiti Misungwi. Mwaka 2019 maeneo 84 ya wilaya hiyo yaligawanywa kwa nasibu kupokea aina nne za vyandarua: vya kawaida vyenye dawa ya kundi la pairethroidi pekee, na aina tatu nyingine ambazo pairethroidi imeunganishwa na kemikali ya pili. Kwanza ni piperonili butoksaidi, inayouzuia mwili wa mbu usiivunje dawa. Pili ni pairiproksifeni, inayomharibia mbu jike uwezo wa kuzaa. Na tatu ni klorifenapiri, inayoshambulia uzalishaji wa nishati ndani ya seli badala ya mishipa ya fahamu. Mbu anayeambukiza zaidi malaria katika eneo hilo ni Anopheles funestus, anayependa maji yanayokaa muda mrefu yenye majani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa baada ya miezi 24, asilimia 45.8 ya watoto waliopimwa katika maeneo ya vyandarua vya kawaida walikuwa na vimelea vya malaria, na katika maeneo ya vyandarua vya klorifenapiri ilikuwa asilimia 25.6. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo la kutumia vyandarua vya aina hiyo. Habari hiyo ilistahili kusikika. Iliyosikika kidogo mno, kwa maoni yangu, ni ile ya kitambaa: katika utafiti huohuo, hakuna aina hata moja kati ya hizo nne ambayo nusu ya vyandarua vyake ilidumu miaka mitatu nyumbani ikiwa bado inafaa.

Hapo ndipo uhandisi wa nyenzo unapoingia. Vyandarua vingi vyenye dawa ya kudumu hutengenezwa kwa mojawapo ya plastiki mbili. Poliesta husokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizounganishwa kuwa uzi mmoja. Kitambaa chake ni laini na watu wengi hukipenda kwa sababu hakiwakwaruzi, na dawa hupakwa juu yake pamoja na gundi ya kuishikilia. Polithini huvutwa kuwa uzi mmoja mnene kidogo na mgumu zaidi. Dawa huchanganywa na plastiki ingali imeyeyuka, kisha huendelea kupanda polepole kutoka ndani ya uzi hadi juu, ndiyo sababu chandarua cha polithini kilichofuliwa huhitaji siku kadhaa ili dawa irudi juu kwa kiwango chake. Vyandarua vya Olyset, ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza mwaka 2003, ni vya aina hii ya pili. Unene wa uzi hutajwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, na namba kama 75, 100 au 150 huandikwa kwenye maelezo ya chandarua. Uzi mnene si hakikisho la kitambaa imara, kwa kuwa namna ulivyofumwa na ubora wa mshono vina uzito uleule.

Viwandani uimara hupimwa kwa mashine inayosukuma kitambaa hadi kipasuke, na kwa miaka mingi namba iliyotoka hapo ilitosha kukipitisha chandarua. Nyumbani hakuna anayesukuma chandarua namna hiyo. Kinachokitoboa ni msumari uliochomoza kwenye chaga ya kitanda, kuchomekwa kila usiku chini ya godoro au mkeka, mtoto anayejivuta nacho asubuhi, panya, na cheche ya kibatari au mshumaa inayoacha tundu lenye kingo zilizoyeyuka. Matundu mengi hupatikana nusu ya chini, pale mikono na kingo za kitanda zinapokutana na kitambaa. Tundu lililotokana na kukwama kwenye msumari huanza dogo, la kundi la kwanza, na kama halikushonwa wiki hiyo huvutwa na kupanuka, kwa hiyo ndani ya mwaka linaweza kuhama kutoka uzito wa 1 hadi 196 bila chandarua kupata ajali nyingine yoyote. Anayeangalia namba hizo vizuri ataona kwamba sindano na uzi, mapema, vina faida kubwa kuliko vinavyopewa sifa.

Fahirisi peke yake hata hivyo haisemi chandarua huishi muda gani, kwa sababu hupimwa kwenye vyandarua vilivyopatikana tu. Vile visivyopatikana navyo lazima vihesabiwe, na hapa watafiti hutofautisha sababu. Chandarua alichopewa binti aliyeolewa kijiji kingine, au kilichohamishwa na kijana aliyekwenda kambi ya wavuvi visiwani Ukerewe, huondolewa kwenye hesabu, kwa kuwa huenda bado kinamkinga mtu huko kilipo. Kilichotupwa kwa kuchanika, kilichochomwa, au kilichogeuzwa kuanikia dagaa mwaloni huhesabiwa kuwa kimekufa. Vikijumlishwa vilivyokufa na vile vilivyopo nyumbani lakini vimevuka fahirisi ya 643, hupatikana idadi ya vyandarua visivyofaa tena, na siku ambayo nusu ya vyandarua vyote imefikia hali hiyo ndiyo huitwa maisha ya kati ya chandarua. Kuhusu dagaa ningependa kuongeza neno: mara nyingi chandarua kinachoonekana kando ya ziwa kimetandikwa juu ya mchanga kilishachanika kabla hakijafika huko, na kumlaumu mvuvi kwa kutumia kitambaa kilichokufa hakusaidii kuelewa kilikufaje.

Dawa nayo hupimwa kando, kwa njia nyingine kabisa. Vipande hukatwa kutoka kwenye chandarua kilichotumika, vikapelekwa maabara, na mbu wachache waliofugwa huwekwa juu ya kipande chini ya kikombe cha plastiki chenye umbo la pia kwa dakika 3. Huhesabiwa walioanguka baada ya dakika 60 na waliokufa baada ya saa 24. Chandarua hufaulu wakianguka asilimia 95 au zaidi, au wakifa asilimia 80 au zaidi. Kwa klorifenapiri, inayoua taratibu, hesabu hurefushwa hadi saa 72. Chandarua kinaweza kuwa na kitambaa kizima na dawa iliyokwisha, hasa kikianikwa juani kila kinapofuliwa, au kikawa na dawa kamili ndani ya kitambaa kilichobaki vipande.

Udhaifu wa fahirisi unajulikana na wanaoitumia. Haijali tundu lilipo, ilhali tundu la juu, ambako mbu hutua zaidi, si sawa na la pindo linaloingia chini ya godoro. Kumkabidhi kila mtafiti ngumi yake kuwa kipimo kunaleta tofauti kati ya mtafiti mwenye mikono mikubwa na mwenye midogo, jambo ambalo hupunguzwa kwa mafunzo na kwa kurudia ukaguzi wa baadhi ya vyandarua. Na mpaka wa 643 ni uamuzi wa wataalamu waliohitaji mstari mahali fulani. Mtoto anayelala chini ya chandarua chenye 640 hana ulinzi tofauti na wa mwenzake mwenye 646. Mstari huo umewekwa kwa eneo la tundu bila kuuliza ni dawa gani imo kwenye kitambaa, wala mbu wa eneo hilo ni sugu kiasi gani.

Pamoja na hayo, hesabu ya ugawaji hujengwa juu ya fahirisi hiyo. Kampeni za kugawa vyandarua kwa kaya zote zimekuwa zikipangwa duniani kwa kudhani kuwa chandarua huishi miaka mitatu. Tanzania imeongeza njia za kugawa bila kukatiza, kliniki za wajawazito na watoto kwa upande mmoja, na shule za msingi kwa upande mwingine, mpango wa shuleni ukiwa ulianzia mikoa ya kusini mwaka 2013 na baadaye kufika Kanda ya Ziwa. Katika mpango kama huo maisha ya kati ya chandarua ndiyo huamua ni madarasa mangapi yapewe kila mwaka. Mkoa ambao vyandarua huishi miaka miwili badala ya mitatu unahitaji, kwa idadi ileile ya watu, vyandarua vingi zaidi kwa nusu kila mwaka.