Kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55: maneno ya kijiweni na hesabu zenyewe

Desemba 2023 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuunganisha taasisi na mashirika ya umma 16 na kufuta mengine manne. Tangu hapo, ofisi nyingi hazina tena mazungumzo mengine wakati wa chai. Aliyefikisha miaka 55 anajiuliza kama asubiri 60 ya lazima au achukue chake mapema, kabla kiti hakijamtoka. Swali lina maana kabisa. Majibu yanayozunguka ndiyo yana walakini.

"Taasisi ikifutwa, mafao yanaondoka nayo."

Hapana. Michango yako iko kwenye mfuko, kwa jina lako, si kwenye akaunti ya mwajiri. PSSSF yenyewe, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilitokana na kuunganishwa kwa mifuko minne ya zamani, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, mwaka 2018, na wanachama wa mifuko hiyo walihamia na miezi yao ya michango. Cha kuogopa ni mwajiri aliyekata mshahara lakini hakuwasilisha makato. Kagua taarifa yako ya michango mwezi kwa mwezi ukiwa bado kazini, maana kumfuatilia mwajiri ambaye ofisi yake imeshafungwa ni kazi nyingine.

"Nikiondoka sasa au baada ya miaka mitano, tofauti ni ndogo."

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu wanauliza mkupuo tu, ile pesa ya mara moja unayopewa ukistaafu. Chukua mtumishi mwenye wastani wa mshahara wa Sh 1,000,000 kwa mwezi, yaani Sh 12,000,000 kwa mwaka. Kanuni ni 1/580, mara miezi ya kuchangia, mara wastani huo wa mwaka. Akiwa na miaka 25 ya kazi (miezi 300), pensheni yake kamili ya mwaka ni kama Sh 6,207,000. Kwa mkupuo wa asilimia 40, unachukua sehemu hiyo na kuizidisha kwa 12.5: anapata takriban Sh 31,000,000 mkononi. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa 12, anabaki na Sh 310,000 hivi kila mwezi.

Akikaa hadi 60 kwa mshahara uleule, miezi inakuwa 360. Mkupuo unafika Sh 37,200,000 na pensheni ya mwezi Sh 372,000. Shilingi 62,000 za ziada kila mwezi, maisha yake yote, na hapo mishahara 60 ambayo angeipokea bado hatujaigusa. Mimi ningeitazama hiyo Sh 310,000 kabla ya kuitazama Sh 31,000,000. Milioni zile zina wajomba wengi.

Asilimia 40 si ya kila mtu. Kwa mabadiliko yaliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024, waliokuwa wakilipwa mkupuo wa asilimia 50 kabla ya 2018 walipandishwa kutoka 33 hadi 40. Waliokuwa kwenye asilimia 25 wanapata 35.

"Ile 12.5 ni miaka ya kulipwa pensheni."

Si kweli. Ni kizidisho cha kukokotoa mkupuo. Pensheni ya mwezi inalipwa hadi mwisho wa uhai wako, hata ukiishi miaka 95.

"Watanihesabia kwa mshahara wa mwisho."

Wanachukua wastani wa miaka mitatu yenye mshahara bora ndani ya kumi ya mwisho. Kama umepanda daraja mwaka jana, kuondoka sasa ni kuacha daraja hilo likiingia mwaka mmoja tu kati ya mitatu.

"Nina miaka 48, nitastaafu mapema."

Huko si kustaafu, ni kujiuzulu. Hiari inaanza miaka 55, na pensheni inadai angalau miezi 180 ya michango. Fao la kukosa ajira, lile la theluthi ya mshahara kwa miezi sita, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ukiwa na 48 na ofisi inayumba, kusubiri upunguzwe kunaweza kukulipa kuliko kuandika barua.

"Mkopo una bima, utajilipa."

Bima ya mkopo kwa kawaida ni ya kifo au ulemavu. Kustaafu kwa kupenda hakumo. Marejesho ambayo yalikuwa theluthi ya mshahara yanaweza kula karibu pensheni yote, au benki ikataka salio lake mkupuo ukiingia. Angalia mwezi wa mwisho wa makato kwenye hati ya mshahara. Mwenye makato yanayofika miaka 59 hana haraka ya 55.

Kuna wanaofaa kuondoka: asiye na deni, mwenye kipato kingine kilichoanza kuingiza pesa tayari, au ambaye afya imekataa. Huyo aombe PSSSF wamkokotolee kwa maandishi kabla ya kumwandikia mwajiri, na ahakikishe majina kwenye kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira na akaunti ya benki yanafanana herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Mohammed" wanaweza kumchelewesha mtu mmoja miezi kadhaa.