Osiloskopu Inavuma Jioni? Ziache Kondansateri Zikae

"Chombo ni cha zamani. Toa kondansateri zote, weka mpya, kitapona." Ushauri huo unatolewa katika mtaa wa Birere, Goma, kila siku, kwa mwenye osiloskopu (chombo kinachochora umeme kama mstari kwenye skrini) ya Philips, kwa mwenye jenereta ya sinyali, kwa mwenye saplai ya maabara iliyotoka shule ya ufundi. Hautanguliwi na kipimo hata kimoja. Kondansateri, yaani kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zimekuwa mshitakiwa wa kila kosa, na nimechoka kupokea bodi zilizokwisha kuumizwa na hukumu hiyo.

Nianze na mvumo wa jioni, kwa sababu ndio unaodanganya wengi hapa Goma. Asubuhi chombo kinafanya kazi vizuri. Saa moja usiku, watu wakiwa wamewasha majiko na pasi, mstari wa osiloskopu unaanza kutetemeka na spika inavuma. Fundi anasema: kondansateri ya saplai imekufa. Fanya hesabu kwanza.

Chukua saplai ya kawaida: transfoma, daraja la dayodi nne, kondansateri ya mikrofaradi 4700, kisha regyuleta 7812 (kipande kinachoshikilia volti 12) inayotoa ampea 1. Umeme ni Hz 50, daraja linajaza kondansateri mara 100 kwa sekunde. Kati ya kujazwa na kujazwa volti inashuka takriban ampea ukigawa kwa (100 × faradi): 1 ÷ (100 × 0.0047), yaani V 2.1. Hesabu hii inazidisha kidogo, kwa kuwa dayodi huanza kujaza kabla milisekunde 10 hazijaisha, lakini inatosha kwa kazi yetu. Ukutani kukiwa na V 220, tuseme kilele kwenye kondansateri ni V 16.6, basi bonde, yaani sehemu ya chini kabisa, ni V 14.5. Regyuleta ya 7812 yenye mzigo wa ampea 1 inataka karibu V 2 juu ya zile 12 inazotoa, kwa hiyo V 14. Tunapita, lakini kwa shida.

Sasa ukutani pashuke hadi V 190. Ukiondoa na zile karibu V 1.8 zinazoliwa na dayodi mbili, kilele kinakuwa V 14.1 na bonde V 12. Regyuleta haina tena nafasi ya kufanya kazi yake. Mara 100 kwa sekunde laini ya 12 inakatwa kipande, na unasikia mvumo. Kondansateri ni nzima kabisa! Ukiweka mpya ya 4700 mvumo utabaki palepale. Ukiweka ya 10000 utapungua, nawe utaapa kwamba ile ya zamani ilikuwa imekufa.

Upande wa pili upo pia, siukatai. Kondansateri ileile ikikauka hadi mikrofaradi 3000, wimbi, yaani kule kushuka kwa volti, linakuwa V 3.3, bonde linafika V 13.3 hata ukutani pakiwa na 220, na mvumo ni uleule. Dalili moja, sababu mbili. Kinachozitenganisha ni kuangalia vitu viwili badala ya kimoja: kilele ni habari ya ukuta na transfoma, urefu wa wimbi ni habari ya kondansateri na mzigo. Na wimbi likiwa la Hz 50 badala ya 100, usiguse kondansateri kabisa, tafuta dayodi iliyokatika au mguu wake ambao risasi ya kulehemu imepasuka.

Utaniuliza utapimaje wimbi wakati osiloskopu yenyewe ndiyo mgonjwa. Multimeta inatosha. Iweke kwenye volti za AC, pima juu ya kondansateri kubwa: wimbi la V 2.1 litasomeka karibu 0.6, la V 3.3 litasomeka zaidi ya 0.9. Lakini kwanza ijaribu kwenye betri ya V 9, bado ikiwa kwenye AC. Isipoonyesha sifuri, multimeta yako inapitisha DC na namba zake hapa ni za uongo. Tia kondansateri ya plastiki ya mikrofaradi 1, V 100, mfululizo na waya mmoja wa kipimio, kisha pima. Na pima ukuta saa ileile kosa linapoonekana. Kupima V 225 saa nne asubuhi hakusemi lolote kuhusu saa mbili usiku. Kama kuna stabilizateri (mashine ya kutuliza volti ya ukuta), pima baada yake, sio kabla.

Hiyo ni saplai ya transfoma. Kwenye saplai za kukatakata, zile zinazofanya kazi kwenye makumi ya kilohezi, mambo yanageuka, na hapa ndipo watu wanapochanganya kanuni mbili kuwa moja. Kwa Hz 100, rezistansi ya ndani ya kondansateri, ile ESR, ya robo omu haikusumbui sana. Unachohitaji ni mikrofaradi. Kwa kHz 50, mikrofaradi zinaweza kuwa zimebaki karibu zote na kondansateri ikawa haifai, kwa sababu ESR imepanda. Ndiyo maana multimeta yenye kipimo cha mikrofaradi inaweza kukusomea 970 kwenye kondansateri ya 1000 iliyo mbovu. Wala usingoje ivimbe. Zile kubwa zenye alama ya msalaba kichwani huvimba. Zile ndogo hukauka kimya na sura yake haibadiliki.

Kipima ESR ni kizuri, lakini kina mitego. Kondansateri iliyoshoti kabisa itakupa ESR safi ya karibu sifuri, na fundi anaisifu kuwa nzuri. Tatu zikiwa sambamba, moja nzima inaficha mbili mbovu. Na jedwali lililochapishwa juu ya kipima sililiamini kama Biblia: ya mikrofaradi 10 yenye omu 4 naiacha kwenye njia ya sauti, naitoa kwenye saplai ya kukatakata. Sina mpaka mmoja ninaoweza kuutetea kwa kila sakiti, na vitabu vinavyochora mpaka huo vinarahisisha mno.

Turudi kwa anayebadilisha zote. Hasara ya kwanza ni ushahidi: chombo kilikuwa na kosa moja, sasa kina kosa lilelile na viungo sitini vipya vya risasi, kimoja chake pengine kina ubaridi, yaani risasi haikushika, kingine kina kondansateri iliyogeuzwa chanya na hasi. Bodi za zamani haziupendi moto. Ukishikilia chuma cha kulehemu sekunde kumi, njia ya shaba inanyanyuka. Hasara ya pili ni ubora wa hizo mpya. Sokoni kuna kondansateri zenye gamba kubwa na kitu kidogo ndani, au zilizoandikwa V 25 kumbe ni za 16. Kabla ya kuiweka, ilishe volti iliyoandikwa kupitia rezistansi ya kilo-omu 1, subiri dakika 2, pima volti juu ya rezistansi. Ya mikrofaradi 1000, V 25, inaruhusiwa kuvuja kama mikroampea 250, yaani V 0.25 juu ya rezistansi hiyo. Ukisoma V 2, irudishe dukani. Hasara ya tatu wengi hawaijui: regyuleta fulani zinazohitaji nafasi ndogo tu ya volti juu ya zile zinazotoa, kama LM2940, zinataka ESR isiwe kubwa sana wala ndogo sana. Ukiziwekea ya kisasa ya kauri, nzuri kupita kiasi, zinaanza kutetemeka zenyewe, nawe umezalisha kosa ambalo halikuwapo.

Kuna moja ninayoitoa bila kupima: zile za Rifa za karatasi, zenye gamba la manjano linaloonyesha ndani, zilizo kwenye njia ya 220. Gamba hupasuka, unyevu huingia, siku moja moshi. Weka ya plastiki yenye alama X2, yaani iliyotengenezwa kwa njia ya umeme wa ukuta, thamani ileile.

Sasa osiloskopu ya Tektronix 465, kwa sababu zipo na zinastahili kuokolewa. Ikitoka Marekani, kwanza kabisa angalia swichi ya volti kabla ya kuichomeka. Kisha pima laini zake za volti: +5, −8, +15, +55, +110. Zote kwanza, ziandike, ndipo ufikiri. Laini moja ikiwa karibu sifuri, mara nyingi ni tantali (kondansateri ndogo ya metali ya tantali) iliyoshoti, na tantali haivimbi wala haikauki. Usizing'oe moja moja. Zima, chomoa, ngoja zitoe chaji. Leta saplai ya maabara, V 0.5 tu ili tranzista zisifunguke, mpaka wa ampea 1, ilishe laini iliyokufa. Weka multimeta kwenye milivolti 200 na ufuate njia ya shaba dhidi ya ardhi. Milivolti zinashuka kadiri unavyolikaribia kosa. Ukilipita hazishuki tena. Inayosoma chini kuliko zote ndiyo mwizi. Weka ya volti mara mbili ya laini: kwenye +15 weka ya 35. Kama nizitoe na jirani zake za aina ileile zilizo nzima, hapo nasitasita hadi leo. Natoa tu zile ambazo volti yake iliyoandikwa imekaribiana sana na ya laini.

Usipeleke vidole upande wa bomba la picha. Kuna kV 18.

Laini zote zikiwa sawa na chaneli bado inapotea, tazama swichi. Vumbi la lava la mji huu ni kali, linakwangua, na moshi wa volkano ya Nyiragongo ukichanganyika na mvua unakula metali. Mabati ya Rusayo, kijiji kilicho karibu na volkano hiyo, yanaonyesha hilo. Puliza kwanza, taratibu. Ukianza kwa kusugua, vumbi lenyewe linakuwa msasa juu ya dhahabu ya kontakti. Kisha kipande cha karatasi safi kilicholowa alkoholi ya isopropili, kipitishe katikati ya kontakti na ukivute, bila kubana kwa nguvu. Msasa hapana. Mafuta ya kulegeza bolti hapana. Tranzista nyingi za 465 zimekaa kwenye soketi: zima, ng'oa moja, irudishe palepale, nenda kwa nyingine. Makosa mengi yanaishia hapo, na hakuna kondansateri iliyoguswa.

Ukishamaliza, pima laini zote chombo kikiwa baridi, kisha tena baada ya dakika 30 kikiwa na kifuniko chake, na mara ya tatu saa mbili usiku, ukiandika na volti ya ukuta pembeni.